Penseli ya Vincent

Mwaka 1880 Vincent van Gogh alikuwa na umri wa miaka 27 na hakuwa na kazi. Alishakuwa karani wa duka la picha, akawa mwalimu, akawa mhubiri kwa wachimba makaa wa Borinage, kusini mwa Ubelgiji. Kote mambo yalimkatalia. Ndipo akashika penseli. Mtu aliyeiona michoro yake ya siku zile asingemtabiria makubwa: watu wamekakamaa kama magogo, mabega yameenda upande, mikono haina mifupa ndani.

Habari hii ya mwanzo huwa tunairuka. Tunapenda zaidi habari ya kipaji. Mtoto akichora tembo nyuma ya daftari la hesabu, shangazi atasema, "Huyu kajaliwa," na mazungumzo yanaishia hapo, kana kwamba kazi imekwisha kabla ya kuanza. Anayechora vibaya naye hupewa hukumu yake hapohapo: achana nayo, si fungu lako.

Van Gogh alianza kwa kunakili. Aliazima mafunzo ya kuchora ya Mfaransa Charles Bargue, karatasi zilizochapwa ili mwanafunzi aige. Katika nyingi kati yake, upande mmoja una umbo lililokatwa kwa mistari michache iliyonyooka, kama mbao iliyopigwa randa mara mbili tatu. Upande wa pili umbo lilelile limekamilika, kivuli na mwanga vikiwa mahali pake. Mwanafunzi anatakiwa kuusafiri umbali ulio kati ya picha hizo mbili. Sehemu moja ilikuwa na michoro 60 ya miili ya watu, ya kuigwa kwa mkaa. Aliichora, akairudia.

Alipohamia The Hague, nchini kwao Uholanzi, Anton Mauve, mchoraji aliyeoa binamu ya Vincent, alimfundisha rangi za maji. Hawakuelewana muda mrefu. Mauve alimtaka achore sanamu za plasta, na Vincent, ambaye hasira zake zilikuwa karibu, alizitupa sanamu hizo ndani ya pipa la makaa. Mwanafunzi msumbufu, kwa kweli. Lakini mwaka huohuo wa 1882 alitengenezesha fremu ya mbao yenye nyuzi zilizopishana, ikasimama juu ya miti miwili yenye ncha. Aliichomeka kwenye mchanga wa ufuoni Scheveningen, akachungulia kama mtu aliye dirishani, akapima: mlingoti unakata uzi gani, paa linaanzia wapi. Alikataa plasta. Kipimo hakukikataa.

Baadaye alirudi kwa wazazi wake, kijijini Nuenen. Kipupwe cha kuamkia 1885 alipaka nyuso za wakulima zipatazo 40, uso baada ya uso, kisha akazikusanya nguvu hizo katika picha ya watu watano wakila viazi chini ya taa. Rafiki yake Anthon van Rappard alipopelekewa nakala ya chapa, alimjibu kwa ukali: viungo havikai sawa, kazi imefanywa ovyo. Urafiki wao haukupona. Ukiikagua picha hiyo leo utaona kwamba Rappard hakukosea kuhusu viungo. Alichokosa kukiona ni vile vidole vyenye mafundo vinavyonyoosha uma kwenye sahani. Unajua bila kuambiwa kwamba ndivyo vilivyochimba viazi hivyo.

Kwetu swali la kunakili lina ubishi wake. Edward Saidi Tingatinga alianza kupaka wanyama na ndege kwa rangi za mafuta za dukani, juu ya vipande vya hardboard, Dar es Salaam mwaka 1968. Alifariki mwaka 1972. Katika miaka hiyo michache alikusanya wanafunzi, wengi wao ndugu zake, waliojifunza kwa kukaa kando yake na kuiga. Leo watu huwacheka wanaorudia twiga yuleyule kwa ajili ya watalii. Kicheko hicho kina haki yake, ila kimelenga pabaya. Aliyekwama si yule anayeiga, ni yule aliyesahau kwamba alikuwa anajifunza.

Van Gogh hakukwama. Mwaka 1888, akiwa Arles kusini mwa Ufaransa, alikata matete ya hukohuko akayachonga kalamu, chombo ambacho waandishi wa pwani yetu walioandika kwa herufi za Kiarabu wangekitambua mara moja. Kalamu ya tete haina subira: inakunywa wino, inaandika mistari michache, inakauka. Basi naye akaandika kwa vipande vifupi. Nukta kwa shamba la mbali, viboko kwa nyasi za karibu, mizunguko kwa miti. Hapo hakuna tena Bargue wala Mauve. Hata mtu asiyejua kusoma sahihi anajua mchoro ni wa nani. Miaka minane ilikuwa imepita tangu Borinage.

Mwaka 1890, akiwa Auvers na picha mamia nyuma yake, alimwandikia mdogo wake Theo akimwomba ampelekee tena zile karatasi 60 za Bargue, kwa kuwa alitaka kuzichora upya zote. Alifariki tarehe 29 Julai mwaka huohuo, akiwa na miaka 37.