Nani Alimpa Mtoto Dawa, na Saa Ngapi?

Juma hili nawaletea habari iliyotokea nyumbani mwangu mwenyewe. Haina cha kujisifu ndani yake, lakini nafikiri nyumba nyingi za hapa Lubumbashi zitajiona humo.

Mtoto wangu wa mwisho, wa miaka mitatu, aliamka usiku akiwaka homa. Saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kutoka kwenda soko la Kenya, nilimpa siro ya homa, vijiko viwili. Nikamfunika vizuri, nikamwacha na nkambo yake.

Saa mbili nkambo alimgusa kipaji cha uso, akaona bado ana moto. Alifungua fundo la kitambaa chake, akatoa kidonge cheupe anachomeza yeye kichwa kikimuuma, akakikata katikati, akampa nusu na maji. Saa nne binti yangu mkubwa alirudi kutoka kisimani. Jirani alikuwa amesikia kwamba mtoto ni mgonjwa, akaleta chupa ya siro ya mtoto wake. Binti akampa kijiko kimoja.

Saa sita nilirudi. Mtoto alikuwa bado na joto. Nilichukua chupa yangu na kijiko, na mkono ulikuwa umekwisha kuinuka, nkambo akasema: «Mimi nilimpa kinini yangu.» Binti naye akasema: «Na mimi nilimpa ya kwa jirani.» Tukatazamana.

Tuliweka kila kitu kwenye mfuko, chupa zote mbili na vidonge vya nkambo, tukaenda kituo cha afya. Muuguzi alimpima mtoto kwanza: kilo 14. Halafu akasoma chupa moja moja, akaomba kuona kidonge. Ndipo akatuambia jambo ambalo hatukulijua: siro yangu, siro ya jirani na kidonge cha nkambo vilikuwa dawa moja. Vyote vitatu vilikuwa parasetamoli, kwa majina matatu ya dukani na rangi tatu.

Hesabu ya muuguzi

Muuguzi hakutugombeza. Alichukua karatasi, akatufanyia hesabu, nami nawapa kama alivyotupa.

Parasetamoli ya mtoto hupimwa kwa kilo zake. Kila mara anapewa miligramu 15 hivi kwa kila kilo, angojee saa 6, na asipewe zaidi ya mara 4 kwa siku moja, mchana na usiku. Mtoto wa kilo 14 anapata miligramu 210 kwa mara moja. Siku nzima isipite 840.

Mimi nilitoa miligramu 250. Nkambo alitoa nusu ya kidonge cha 500, ndiyo 250 nyingine. Siro ya jirani ilikuwa kali mara mbili kuliko yangu: yangu ilikuwa na miligramu 125 katika mililita 5, ya jirani 250 katika mililita 5 zile zile. Kijiko kimoja cha binti kilikuwa sawa na vijiko vyangu viwili. Jumla 750, ndani ya saa tano. Kijiko nilichokuwa nimekishika mkononi saa sita kingetupitisha kipimo cha siku nzima, na jua lilikuwa bado katikati ya mbingu.

«Mmesimama kabla ya hatari,» alisema. Halafu akatueleza kwa nini parasetamoli, dawa ambayo kila mtu anaiona kuwa ndogo, inaweza kuua. Ikizidi sana, inaharibu ini. Na inaharibu kimya kimya: siku ya kwanza mtoto anaweza kutapika kidogo tu, au kuonekana mzima kabisa, acheze na kula. Ini linaonyesha ubaya wake baadaye. Iko dawa ya kuliokoa, lakini inafanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8 za kwanza. Kwa hiyo mtu asingojee kuona dalili. Akijua tu kwamba dawa imezidi, aende.

Kisha akamtoboa mtoto kidole kwa kipimo cha haraka. Ilikuwa malaria. Asubuhi nzima, watu wazima watatu wenye upendo tulikuwa tunapigana na joto, na ugonjwa wenyewe hakuna aliyekuwa ameugusa.

Kila kidonge si kinini

Njiani nilifikiri juu ya neno lile la nkambo. Sisi wengi tunaita kila kidonge «kinini». Kinini ni jina la dawa moja ya malaria ya zamani, lakini leo tunalipa kila kitu cha duara kinachomezwa na maji. Kwa hiyo tunasema «kinini ya kichwa», «kinini ya tumbo», «kinini nyekundu». Hatusemi jina. Na kama hatujui jina, hatuwezi kujua kwamba tunatoa dawa moja mara tatu.

Jina la kweli liko kwenye paketi, mara nyingi kwa herufi ndogo chini ya jina kubwa la kampuni. Hilo dogo ndilo la kusoma. Utaona parasetamoli imejificha pia ndani ya vidonge vingi vya mafua. Mtu mzima anayemeza vidonge viwili vya mafua na viwili vya kichwa anaweza kuwa amemeza dozi mbili bila kujua. Kwa mtu mzima mwenye afya, mwisho ni gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Mwembamba sana, mlevi wa kila siku au mgonjwa wa ini apunguze, akiongozwa na munganga.

Ndiyo maana vidonge vinavyouzwa kwa kuhesabiwa, vikafungwa katika kipande cha karatasi au mfuko mdogo wa plastiki, vinatuweka katika hatari. Najua kwa nini tunavinunua hivyo: makuta ni kidogo, na vinne vinatosha kwa leo. Lakini kidonge kikitoka kwenye chupa yake kimeacha nyuma jina, nguvu na tarehe ya mwisho. Ukinunua vya kuhesabu, omba viandikwe pale pale, mbele ya macho yako: jina, miligramu, ngapi, saa ngapi. Asiyeweza kukuandikia jina la anachokuuzia, mwachie dawa yake.

Yaliyotokea Ituri

Nchi yetu imeona hatari hii kwa ukubwa wake. Mwishoni mwa mwaka 2014 na katika mwaka 2015, huko Ituri, watu walianza kufika hospitalini shingo zimekakamaa, uso na ulimi vikivutwa bila wao kutaka. Watoto wadogo wengi walikuwa kati yao. Mwanzo waganga waliogopa kwamba ni homa ya uti wa mgongo. Lakini dalili hazikufanana vizuri, nao wakaanza kuuliza wagonjwa walikuwa wamemeza nini.

Wengi walikuwa wamepewa vidonge kutoka chupa zilizoandikwa diazepamu, dawa ya kutuliza. Vilipopelekwa maabara, havikuwa diazepamu hata kidogo. Ndani mlikuwa haloperidoli, dawa kali ya magonjwa ya akili. Zaidi ya watu 1000 waliugua. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa onyo mwezi wa 7 mwaka 2015.

Mama wa Ituri hakukosa kitu pale. Chupa yenyewe ilisema uongo. Lakini kilichofungua fumbo ni kwamba iliwezekana kupata vidonge vile vile, kuvitazama na kuvipima. Kwa sababu hiyo, hifadhi paketi au chupa mpaka mgonjwa apone. Kama baada ya dawa mtu anakuwa na kitu kigeni, ngozi kuvimba, kupumua kwa shida, shingo kukakamaa, kusinzia kupita kawaida, simamisha dawa na umpeleke pamoja na paketi yake. Na ununue kwenye farmasi yenye ruhusa. Dawa iliyolala juani mchana kutwa kwenye meza ya sokoni, hata kama ni ya kweli, inaweza kupoteza nguvu.

Malaria, kuhara na mafua

Magonjwa haya matatu ndiyo yanayotupeleka dukani zaidi.

Homa ya mtoto ipimwe malaria kwanza. Ikiwa ni malaria, dawa tunazopewa zaidi hapa kwetu, kama artesunate pamoja na amodiaquine, au artemether pamoja na lumefantrine, zinamezwa siku 3. Mara nyingi siku ya pili mtoto anaamka mzima, anaomba bukari, na mama anaweka vidonge vilivyobaki kwa mtoto mwingine. Hapo tunapoteza wawili: wa kwanza hakumaliza wadudu wa malaria, wa pili atapata nusu ya dawa. Akitapika dawa ndani ya nusu saa, apewe tena dozi ile. Ikitoka mara ya pili, mrudishe kituoni. Mtoto mwenye homa anayetapika kila kitu, anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayeshikwa na degedege au asiyeamka vizuri, asingoje kidonge chochote. Ni hospitali, usiku huo huo.

Kwa kuhara, dawa ya kwanza ni maji yenye chumvi na sukari ya paketi, SRO. Paketi nyingi ni za lita moja kamili ya maji safi. Soma yako kwanza. Ukiweka maji kidogo inakuwa kali, ukiweka mengi haisaidii. Na zinki, kwa siku 10 mpaka 14, hata kama kuhara kumekwisha. Vidonge vya kufunga tumbo vya watu wazima si vya watoto wadogo.

Kwa mafua na kikohozi cha kawaida, amoksisilini haifanyi kitu, kwa kuwa mafua yanaletwa na virusi, na dawa hiyo inaua bakteria. Tukiimeza bila sababu, tunawafundisha bakteria kuishinda, na siku mtoto akipata nimonia ya kweli, dawa itakuwa imechoka. Lakini mtoto anayepumua haraka haraka, au ambaye kifua kinaingia ndani akipumua, huyo apelekwe mara moja.

Aspirini usimpe mtoto mwenye homa. Na wewe mwenye mimba, usimeze ibuprofeni wala dawa nyingine yoyote, hata ya mizizi, kabla ya kuuliza pale unapopimwa mimba.

Mahali pa dawa

Sisi tulichukua kopo kubwa la maziwa ya unga lenye kifuniko, tukaliweka juu ya kabati, mbali na mbabula na dirisha. Dawa nyingi zinataka mahali pakavu pasipopita digrii 30, na chini ya mabati yetu mwezi wa 10 joto linapita hapo. Chagua chumba chenye ubaridi kuliko vingine. Fundo la kitambaa cha nkambo limefunguliwa, na vidonge vyake vina kopo lake mwenyewe, na jina lake juu.

Petroli na javeli visikae kamwe katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto anajua chupa, hajui kilichomo. Akinywa, au akimeza vidonge vya mtu mzima, usimpe maziwa, usimpe mafuta ya mawese, wala usimtapishe kwa kidole. Petroli ikirudi juu inaingia kwenye mapafu. Futa mdomo, chukua chupa, nenda hospitali iliyo karibu.

Kijiko cha bukari si kipimo. Vijiko vya nyumbani havilingani. Tumia kikombe kidogo au bomba lisilo na sindano linalokuja na siro, na kama halimo, liombe farmasini.

Daftari kwenye msumari

Muuguzi hakuniuzia kitu siku ile zaidi ya dawa ya malaria. Lakini alinipa shauri moja, na ndilo ninalotaka kuwaachia. Tulinunua daftari la shule, la kurasa chache, tukalitundika kwenye msumari karibu na mlango pamoja na kalamu. Yeyote anayempa mtu dawa anaandika mstari mmoja: nani amepewa, dawa gani, kiasi gani, saa ngapi, nani ametoa. Kabla ya kutoa, anasoma mstari wa juu.

Nkambo hasomi. Kwa hiyo anamwita mjukuu, anaamuru, mjukuu anaandika. Mwanzo alinung'unika kwamba tunamlinda kama mwizi. Sasa yeye ndiye mkali kuliko sote. Juzi nilinyosha mkono kuchukua kopo, akaniuliza kutoka kitini pake: «Umesoma?»

Jumamosi hii, siku ya posho, toeni dawa zote za nyumbani, muziweke juu ya meza. Kila isiyo na jina, kila iliyopita tarehe, kila nusu iliyobaki ya mgonjwa wa mwaka jana, itieni katika mfuko mmoja, mrudishe farmasini au kituo cha afya; msitupe kwenye takataka watoto wanapochezea. Zilizobaki zitakuwa chache, nazo mtazijua kwa majina.