Kibaba, Ratili na Gorogoro: Ujazo na Uzito katika Vipimo vya Jikoni

Makala haya mafupi yanahusu jambo ambalo wafasiri wa vitabu vya upishi, na watungaji wa kamusi pia, hulipitia juu juu: namna ya kugeuza kipimo cha ujazo kiwe cha uzito. Kitenzi chetu kupima hutumika kwa vyote viwili. Twapima unga kwa kikombe, na twapima unga kwa mizani. Majina ya vipimo, hata hivyo, hayakuchanganyika hivyo. Wakia, ratili na frasila ni majina ya uzito, na mahali pake ni mizanini. Kibaba, kisaga na pishi asili yake ni chombo: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Methali isemayo haba na haba hujaza kibaba yalithibitisha hilo kwa kitenzi chake.

Watu wa pwani walijua pia kwamba chombo kimoja chaweza kutoa viwango viwili. Ndipo wakatenga kibaba cha tele, ambacho nafaka imerundikwa kupita ukingo, na kibaba cha mfuto, kilichokatwa sawasawa. Anayeandika leo "kikombe kimoja cha unga", asiseme ni cha tele au cha mfuto, ameitupa istilahi aliyorithi bure.

Tutazame fasili moja. Baadhi ya kamusi za zamani hueleza kibaba kuwa takriban painti moja, au ratili moja na nusu ya nafaka. Lakini painti ya Kiingereza ikijaa maji ina uzito wa ratili moja na robo. Mchele, kwa kuwa una hewa baina ya punje zake, hukaribia ratili moja tu katika painti ya mfuto. Kwa fasili hiyo, basi, nafaka ingekuwa nzito kuliko maji yaliyojaa chombo kile kile! Ama kibaba kilikuwa kikubwa kuliko painti, ama kilikuwa cha tele, ama yote mawili. Wala si suala la kamusi pekee. Kibaba kilikuwa posho ya mtu mmoja kwa siku. Mwanahistoria akichagua painti mahali pa ratili, humpunguzia mtu huyo thuluthi ya chakula chake.

Kanuni yenyewe ni nyepesi: ujazo huzidishwa kwa uzito wa lita moja ya kitu chenyewe. Hapana kigeuzi kimoja kifaacho vitu vyote. Kikombe cha mililita 250 huchukua gramu 250 za maji, takriban gramu 230 za mafuta, 200 za sukari au mchele, lakini 130 hivi tu za unga wa ngano, nao ukishindiliwa huongezeka. Mfasiri anayekuta gramu 250 za unga akaandika "kikombe kimoja" amempa mpishi nusu ya unga na maji yote. Maandazi yatakuwa uji.

Katika masoko ya Kenya kosa hili lina bei. Gorogoro asili yake ni mkebe wa kilo mbili za mafuta ya kupikia. Kwa kuwa lita ya mafuta hayo ina takriban kilo 0.9, mkebe huo una ujazo wa lita 2.2 hivi. Lita ya mahindi makavu hukaribia robo tatu ya kilo. Kwa hiyo gorogoro ya mfuto ni kilo 1.65, si 2. Muuzaji akirundika, kilo mbili hukaribia kupatikana. Akibonyeza kitako cha mkebe kiingie ndani, hata ile ya mfuto haipatikani. Mnunuzi anayesema "nipe kilo mbili" huku akinyooshea mkebe kidole ametaja uzito na kulipia ujazo.

Napendekeza kwamba kitomeo cha gorogoro katika kamusi kitaje kwanza ujazo wake kwa lita, kisha uzito wa mahindi, wa maharagwe na wa unga, kila kimoja mbali, na kieleze kuwa ni wa mfuto. Vitomeo vya kibaba na pishi navyo virekebishwe vivyo hivyo.