Wakarabati wa katriji Tabora: Chama kinavyomfungulia fundi mlango wa zabuni

Na Mwandishi Wetu, Tabora

Kila ofisi ya umma mkoani Tabora, kuanzia shule ya kata hadi mahakama, inachapisha. Barua, mitihani, hukumu na mihtasari ya vikao hupita katika printa, na kila printa ina katriji ambayo siku moja itakwisha wino. Ikiisha, mara nyingi hununuliwa mpya na ya zamani hutupwa, ilhali sehemu zake nyingi bado ni nzima. Mafundi wanaokarabati na kujaza upya katriji wanaijua thamani hiyo. Tatizo ni kwamba fundi anayefanya kazi peke yake, hata awe hodari namna gani, haonekani na mteja huyu mkubwa.

Sababu iko katika utaratibu wa ununuzi. Tangu mwaka 2023 taasisi za Serikali hununua bidhaa na huduma kupitia NeST, mfumo wa kielektroniki unaosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma (PPRA). Mfumo huo humtambua mzabuni aliyesajiliwa, mwenye namba ya mlipakodi na leseni ya biashara. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inazitaka taasisi zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao kwa ajili ya makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Neno la kuzingatia hapo ni “makundi”. Fursa hiyo imewekwa kwa watu waliojiunga na kusajiliwa pamoja. Kijana mwenye bisibisi na chupa ya wino kando ya duka la fotokopi haifikii akiwa peke yake.

Ndiyo maana suala la kujiunga na chama lina uzito kwa kazi hii. Barani Ulaya wakarabati wa katriji waliunda chama chao, ETIRA, mwaka 2003, nacho huwasemea mbele ya watunga sheria na watengenezaji wa printa. Nchini Marekani shauri kati ya kampuni ya Lexmark na mkarabati mdogo, Impression Products, lilifika Mahakama ya Juu. Tarehe 30 Mei, 2017 Mahakama hiyo iliamua kwamba mtengenezaji akishauza katriji, haki yake ya hataza juu ya katriji hiyo imekoma, hivyo hawezi kuitumia kumzuia mnunuzi kuijaza au kuiuza tena. Uamuzi huo hauifungi mahakama yoyote ya Tanzania. Unaonesha tu ukubwa wa maslahi yaliyomo ndani ya kijisanduku hicho cha plastiki.

Kwa fundi wa Tabora, milango ya kuanzia ipo. Chemba ya Wafanyabiashara, Wenye Viwanda na Wakulima Tanzania (TCCIA), iliyoanzishwa mwaka 1988, inapokea wanachama katika mikoa, na mfanyabiashara mdogo hazuiwi kuomba uanachama. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, si chama cha wanachama, lakini ofisi yake ya mkoa ndiyo mahali pa kutafuta mafunzo, ushauri wa kiufundi na taarifa za mikopo. Vyombo hivi viwili husaidia biashara za kila aina. Havitazungumzia wino peke yake.

Wanaotaka chombo chao wenyewe wana njia mbili, na hapa ndipo wengi hukosea. Wanaweza kusajili jumuiya chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, katika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Jumuiya inafaa kwa kutetea maslahi ya taaluma, ila haikuundwa kwa ajili ya kufanya biashara na kugawana faida. Njia ya pili ni ushirika. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inaruhusu watu 10 au zaidi wenye ujuzi maalumu kuunda chama cha msingi, na chama hicho kinaweza kununua, kuuza na kugawa ziada kwa wanachama. Kwa mafundi wanaolenga zabuni, ushirika ndio unaoelekea kufaa zaidi. Mkoa huu una uzoefu nao: wakulima wa tumbaku na wafugaji nyuki wa Tabora wamekuwa katika vyama vya ushirika kwa miongo mingi.

Faida ya kwanza ya umoja ni kugawana gharama. Katika karne ya 19, misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipopita Ugogo, watemi walidai hongo, na wafanyabiashara wadogo walizoea kungojana ili waandamane na msafara mkubwa, wapate ulinzi na kulipa kwa pamoja. Hesabu ya fundi wa leo inafanana na hiyo. Unga wa tona, dramu na chipu ukivinunua kimoja kimoja, bei huwa juu. Kikundi kikiagiza pamoja, nauli ya mzigo hadi Tabora hugawanywa.

Faida ya pili ni ubora unaopimika. Kipo kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 19752, kinachoeleza namna ya kupima idadi ya kurasa zinazotolewa na katriji ya tona nyeusi. Fundi mmoja hana uwezo wa kugharamia vipimo vya namna hiyo. Chama kinaweza, na kikaweka alama yake juu ya kazi iliyopita. Alama hiyo ni muhimu kisheria pia. Katriji iliyokarabatiwa ikiuzwa kwa jina hilo ni bidhaa halali. Ikiwekwa katika boksi la mtengenezaji wa awali na kuuzwa kama mpya, ni bidhaa bandia, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inaligusa kosa hilo. Mteja aliyewahi kuuziwa bandia humwogopa hata fundi mwaminifu, na hofu hiyo huondolewa na alama inayotambulika kuliko maneno matamu ya dukani.

La tatu ni taka na afya. Tona ni unga laini sana wa plastiki. Haufai kusafishwa kwa mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi, kwa sababu hupenya kichujio na unaweza kushika moto. Ukimwagika mwilini huoshwa kwa maji baridi, kwani joto huuyeyusha. Mabaki yake hayachomwi nyuma ya duka. Kanuni za mwaka 2021 kuhusu taka za vifaa vya umeme na kielektroniki, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zinataka wakusanyaji na warejelezaji wa taka hizo wawe na vibali. Kibali kimoja cha kikundi, chenye sehemu moja ya kukusanyia, ni rahisi kukisimamia kuliko vibali kumi vya watu kumi.

Kabla ya kulipa kiingilio, mwananchi aombe katiba ya chama na kuisoma. Aangalie cheti cha usajili na namba yake, ada ya mwaka, nani anatia saini benki, hesabu zilikaguliwa lini, na mwanachama anayejitoa anarudishiwa nini. Chama kinachokataa kuonesha hesabu zake kisipewe fedha, hata kiwe cha marafiki. Wanaoanzisha ushirika mpya waanze kwa Afisa Ushirika wa halmashauri yao, ambaye huwaongoza katika kuandaa masharti na andiko la mradi kabla ya maombi kwenda kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika. Masuala ya leseni yako kwa Afisa Biashara, na ya mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri yako kwa Afisa Maendeleo ya Jamii. Malipo yoyote ya Serikali yafanywe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, na risiti iandikwe kwa jina la chama.