Kabla Hujainua Fagio

Msomaji mpenzi, je, umewahi kuamka usiku kwa mchakacho jikoni, ukashika fagio na kuua kiumbe kidogo cha kijivu chenye pua iliyochongoka? Yamkini ulirudi kulala ukiamini umeuokoa unga. Kumbe umemwua mlinzi wako. Mwandishi wa makala haya naye amewahi kutenda kosa hilo.

Huyo ni kirukanjia, ambaye wengi humhesabu katika ukoo wa panya ilhali si wa ukoo huo. Meno ya mbele ya panya ni kama patasi na hayakomi kuota, ndiyo sababu hutafuna gunia, mbao, hata sabuni. Kirukanjia ana vijino vyenye ncha vya kupasulia mende, panzi na minyoo. Mwili wake huunguza chakula upesi mno, hata akikosa mlo kwa saa chache huweza kufa njaa. Hebu kisia ni wadudu wangapi huliwa kwa usiku mmoja! Paka humwua, lakini aghalabu hamli, kwa ajili ya harufu kali ya tezi zilizo ubavuni mwake. Basi mara nyingi huokotwa njiani amekufa, mzima mzima. Na watoto wake, wakihama, hufuatana msururu nyuma ya mama, kila mmoja akiuma manyoya ya aliyemtangulia, mithili ya mabehewa ya garimoshi.

Buku, kwa upande wake, ni panya kweli, tena wa kilo moja na zaidi. Hujaza karanga na mahindi katika vifuko vya mashavuni, akaenda kuweka akiba shimoni. Mkulima ana haki ya kumlalamikia. Hata hivyo, huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO humfundisha kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye vijidudu vya kifua kikuu. Wepesi wake humwezesha kupita juu ya bomu bila kulilipua. Magawa, buku aliyezaliwa Tanzania, alifichua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100 nchini Kambodia, akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020. Alikufa Januari 2022.

Kwa buku, nafaka na ikae katika debe lenye mfuniko. Ama kirukanjia, ukishaitambua pua yake, mfungulie tu mlango wa uani.