Futi au mita? Hesabu ya hewa chini ya bahari

WAVUVI wa pwani yetu tangu jadi hupima kina kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Watalii wanaofika Watamu na Diani kupiga mbizi, mitungi ya hewa mgongoni, wana vipimo vya aina mbili, na havielewani.

Mmarekani husoma kina kwa futi, na nguvu ya hewa iliyomo mtungini kwa pauni kwa kila inchi mraba. Mjerumani au Mfaransa hutumia mita na baa (si ile ya pombe, msomaji). Ajabu ni kwamba kifaa chenyewe cha kupumulia kilibuniwa Ufaransa, nchi ya mita, na Jacques Cousteau na Émile Gagnan mwaka wa 1943. Kilipovuka Atlantiki ndipo kikavishwa futi na pauni.

Usidhani huu ni ubishi wa majina tu. Kiongozi akisema, "Geji ikifika 50, tupande," ana maana ya baa 50, akiba ya kumfikisha mtu juu salama. Kwenye geji ya Mmarekani, ambayo husoma 3,000 hivi mtungi ukijaa, 50 ni mtungi mtupu! Akiba kama hiyo kwake ni zaidi ya 700. Naye Mmarekani akisema, "Tusipite 60," amekusudia futi, yaani mita 18, mpaka wa wanagenzi. Mita 60 ni kwingine kabisa. Wanaopiga mbizi kwa kujifurahisha huambiwa wasipite 40.

Kwa maoni yangu, mita zimeshinda kwa wepesi wa hesabu. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza baa 1. Juu ya maji ni baa 1, mita 30 ni 4. Basi aliyekuwa akivuta lita 20 za hewa kwa dakika sasa anamaliza 80. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 una lita 2,400 za hewa. Ondoa akiba ya baa 50, zinabaki 1,800: dakika 22 hivi. Mwenye futi lazima agawanye kina kwa 33, kisha akumbuke kwamba mtungi wake uitwao "80" una karibu futi 80 za ujazo pale tu unapojazwa kabisa. Heri hesabu hiyo ifanywe nchi kavu, kwani kufikia mita 30 naitrojeni huanza kulevya, hata awe mwalimu wa hisabati.

Siku hizi kompyuta ya mkononi hubadilishwa kutoka futi hadi mita kwa kubonyeza kitufe. Lakini ikiwa ni ya kukodi, itazame kabla ya kuruka majini: mgeni wa jana huenda aliiacha kwenye futi.