Kabla Hujamwita Mtukutu
Mimi ni muuguzi wa masikio, na wateja wangu wakubwa ni watoto wa chekechea. Namvika mtoto hedifoni, nampa vipande vya mbao na ndoo: ukisikia mlio, tumbukiza kimoja. Naanza na mlio mkubwa auzoee mchezo, kisha nashusha hadi desibeli 20, sikio moja moja. Anayebaki ameshika kipande mkononi wakati mlio unapita, namchungulia sikio. Mara nyingi nakuta nta, au majimaji mazito nyuma ya kiwambo baada ya mafua. Yote hayo yanatibika! Inaniuma mtoto kuchapwa kwa "ukaidi" kumbe hasikii. Mzazi mwenzangu, mwanao akizidisha sauti ya televisheni au akiuliza "eeh?" kila mara, mpeleke apimwe kabla ya darasa la kwanza.