Mkongo wa mawasiliano: Humo ndani hakuna shaba ya kuuza

Umefika kwa wakala, Nyamongo au Mugumu, kutoa hela. Anakujibu, "Mtandao unasumbua." Ukitazama mnara, umesimama palepale. Shida iko wapi? Mara nyingi iko chini ya ardhi, na wakati mwingine iko baharini.

Mnara hautoshi

Simu yako huwasiliana na mnara kwa mawimbi ya redio, kama redio yako inavyotunasa sisi. Lakini mnara nao lazima uunganishwe na nchi nzima. Baadhi ya minara hupokezana mawasiliano kwa zile ngoma nyeupe za mviringo unazoziona juu yake. Mingine imeungwa na mkongo uliofukiwa ardhini. Hata mawasiliano yanayopita kwenye ngoma, mbele ya safari huingia kwenye mkongo. Ndiyo maana ukikatwa sehemu moja, vijiji vingi huathirika kwa pamoja.

Ndani kuna nini?

Nyaya za zamani za simu za mezani zilikuwa za shaba na zilipitisha umeme. Mkongo wa siku hizi, ambao mafundi huuita faiba, una nyuzi za kioo nyembamba karibu kama unywele, nazo hupitisha mwanga. Mashine ya upande mmoja huwasha na kuzima mwanga huo kwa kasi kubwa mno. Mashine ya upande wa pili huusoma na kuugeuza kuwa sauti, picha au muamala wako.

Waya wa shaba wa kuunganisha kompyuta ofisini haufai kuzidi meta 100. Faiba hufika makumi ya kilomita kabla mwanga haujahitaji kuongezwa nguvu.

Kwa nini matengenezo huchukua muda?

Waya wa umeme ukikatika, fundi huweza kuusokota na kuufunga utepe. Uzi wa kioo haukubali hivyo. Fundi husafisha ncha mbili, huzilinganisha, kisha huziyeyusha ziwe kitu kimoja kwa mashine maalumu, uzi mmoja baada ya mwingine. Hata vichwa vya kuunganishia mwishoni mwa nyuzi vikiingia vumbi kidogo, mwanga huzuiwa.

Tarehe 12 Mei 2024 tuliona ukubwa wa jambo hili. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani, nasi huku Mara, mbali na bahari, tukaguswa.

Tufanye nini?

- Kabla ya kuchimba mtaro au msingi kando ya barabara, uliza ofisi ya kijiji kama mkongo unapita hapo.
- Ukiukuta umekatika, usiuguse wala usichungulie ncha yake. Mwanga wake hauonekani, lakini unaweza kudhuru macho. Vipande vya kioo navyo huchoma ngozi.
- Mjulishe mwenyekiti wa kitongoji au wa kijiji mapema.
- Usidanganywe kuukata ukauze chuma chakavu. Nyuzi za kioo hazina mnunuzi, na kuharibu miundombinu ya mawasiliano ni kosa la jinai.

Anayeukata hapati kitu. Lakini mama anayesubiri kutumiwa hela ya kumpeleka mtoto hospitali, siku hiyo huenda asizipate.